Miezi Mitano Iliyobaki

Wewe uliyewahi kulipa kodi ya nyumba ya mwaka mzima kwa mkupuo, halafu ikakubidi uhame Julai, sogea tuongee. Wewe huhitaji kuambiwa kwamba miezi iliyobaki ni hela, tena hela ya jasho, imelala ndani ya kuta za mtu na haina miguu ya kukufuata unakohamia.

Yetu ilikuwa mitano. Nyumba ya vyumba viwili na sebule, jiko na stoo vikiwa uani, shilingi 80,000 kwa mwezi, imelipwa Januari mpaka Desemba. Hapa Ikungi ukimpata mwenye nyumba wa kupokea miezi sita sita, shukuru. Tangu tuwe wilaya mwaka 2012, watumishi wanashuka kwenye mabasi na barua zao za uhamisho mkononi, na tangu mgodi wa dhahabu wa kule Mang'onyi uanze uzalishaji mwaka 2023, wageni wamezidi. Mwenye nyumba anajua kwamba ukisitasita wewe, kuna mwingine yuko barabarani anashusha godoro.

Kilichotuhamisha ni mabati. Nyumba yetu wenyewe, ambayo msingi wake tuliuchimba binti yetu mkubwa akiwa chekechea, hatimaye ilipauliwa. Dari haikuwepo. Plasta ya nje haikuwepo. Dirisha la chumba cha watoto lilizibwa kwa turubai, na upepo wetu wa Singida mnaujua, Julai haupigi hodi. Mimi nilikuwa nahesabu kwamba tungemalizia mkataba taratibu huku nafunga dari mwenyewe, maana useremala ndiyo kazi yangu. Mke wangu akasema hawezi kulala kwa mtu wakati kwake kuna bati. Mjadala ukafungwa. Kwetu mijadala hufungwa hivyo, na wewe uliyeoa najua umeshatikisa kichwa.

Mke wangu namwita Mama Ruksa. Wa rika letu mnamkumbuka Rais Mwinyi, alivyofungua milango ya biashara hadi wananchi wakambandika jina la Mzee Ruksa. Huyu wangu amefungua milango ya kila kitu. Jirani akitaka karai, ruksa. Mtoto akitaka kulala na viatu, ruksa. Kwa hiyo siku ile niliporudi kutoka karakana na kumwambia kwamba tutafute mtu wa kumalizia miezi yetu, akaniambia nisihangaike, ameshapatikana. Baada ya kunawa mikono nikagundua wamepatikana watatu. Mmoja ni mtoto wa mwenzake wa kwaya, kijana anayeuza spea za pikipiki. Wa pili ni mpwa wake mwenyewe, anayetarajia kuolewa na anahitaji pa kuanzia. Wa tatu ni muuguzi aliyehamishiwa huku, mama mwenye mtoto mmoja, aliyekuwa analala kwa mwenzake chumba kimoja. Huyo kila mtu alimwita Sista. Wote watatu walishaambiwa "karibu, nyumba ni yako," na kwa moyo mweupe kabisa.

Hapo ndipo shemeji yangu alipoingia. Huyu ni mdogo wake Mama Ruksa na jina lake hapa nyumbani ni Kamisheni. Mwaka fulani alitusaidia kuuza mbuzi mnadani. Akachukua chake kwetu wauzaji, akachukua chake kwa mnunuzi, na kamba akabaki nayo. Nampenda sana shemeji huyu, ndiye aliyebeba tofali za msingi wetu bila kudai hata soda, lakini biashara ikitokea mbele yake hawezi kukaa kimya. Akasema watu watatu kwa nyumba moja ni soko, wapandishiane. Akasema Kariakoo mtu haachii fremu bila kilemba, na kilemba chenyewe wakati mwingine kinaizidi kodi. Nikamwambia hii si fremu ya Kariakoo, hii ni nyumba ya mzee wa watu hapa Ikungi, na mimi siuzi mlango usio wangu. Akaniangalia kwa huruma kweli kweli.

Aliyetuokoa ni binti yangu mkubwa, Karani. Yuko kidato cha pili na kila kitu anakiandika kwenye kaunta buku: nani kakopa sukari, nani karudisha ndoo, kuku gani kataga wapi. Akaenda kwenye bahasha ya vyeti vya kliniki, akautoa mkataba wetu, karatasi moja ya mistari iliyogongwa muhuri wa ofisi ya mtendaji, akausoma kwa sauti pale sebuleni. Kifungu cha tano kinasema mpangaji hataruhusiwa kumpangisha au kumwachia mtu mwingine nyumba bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba.

Kimya. Hata Kipaza, kitinda mimba wetu, ambaye sauti yake inafika barabara ya lami, alinyamaza.

"Maandishi," akasema mama mkwe wangu kutoka kwenye kigoda chake. "Basi si mumwandikie?"

Mama mkwe ni Bibi Ghala. Alikuja kututazama mjukuu alipozaliwa, na mjukuu sasa anaendesha baiskeli. Katika muda huo stoo yetu imepokea madumu, magunia, madebe yasiyo na mifuniko, mifuniko isiyo na madebe, na mbegu za maboga za misimu ambayo wengine tumeshaisahau. Mimi ni mkwe, mdomo wangu una mipaka. Lakini nakiri kwamba mwaka ule wa njaa ya mboga tulikula kutoka kwenye yale madebe.

Tukampigia baba mdogo. Huyu alistaafu akiwa karani wa mahakama ya mwanzo, na ukoo mzima tunamwita Hakimu. Hakimu hajibu swali kabla hajasalimiwa na kila mtu, kwa hiyo simu ilizunguka nyumba nzima, shikamoo baada ya shikamoo, mpaka salio likaanza kulia. Alichosema kilinikaa, na nakupa wewe kama nilivyopewa. Hata kama mkataba usingesema kitu, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji apate kibali cha maandishi cha mwenye nyumba kabla ya kumhamishia mtu mwingine. Sheria hiyo hiyo inasema mwenye nyumba asikatae bila sababu ya maana. Ana haki ya kumjua anayeingia, kuuliza kama atalipa na kama ataitunza nyumba. Kukataa kwa sababu tu hampendi aliyemleta, hapana. Halafu akaonya tusitegemee kwamba serikali itatupangia kiwango cha kodi kama zamani. Ile sheria ya 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Siku hizi mkataba wako ndio ngao yako.

Akaendelea. Kuna kumpangisha mtu huku mkataba ukibaki kwa jina lako, na kuna kumhamishia mkataba wenyewe. Ukimpangisha tu, yeye akivunja kioo Novemba, mwenye nyumba anakuja kugonga kwako. Ukihamisha, mnasaini watu watatu, anayetoka, anayeingia na mwenye mali, na lazima pawepo sentensi inayosema kuanzia tarehe hii anayetoka hadaiwi tena na hana wajibu wowote. "Bila sentensi hiyo," akasema Hakimu, "umehamisha vyombo, hukuhamisha mzigo." Karani akaandika. Simu ikakatika.

Mwenye nyumba wetu anaishi kijijini upande wa Puma, na Julai mkulima wa alizeti humkuti amekaa. Tulimkuta uwanjani, vichwa vikavu vimemwagwa juu ya turubai, vijana wanavipiga kwa fimbo na yeye anasimamia kupepeta. Tulikwenda mimi, Mama Ruksa na Bibi Ghala, ambaye hakuitwa lakini alishapanda kwenye gari kabla yetu. Tukasalimu, tukauliza mavuno, tukasikiliza habari za mvua iliyokatika Februari. Nikaeleza shida yangu. Mzee akasikiliza vizuri, akasema hana kinyongo, tuhame kwa amani, na huyo tutakayemleta aje amlipe yeye kuanzia Agosti. Na hela yetu? Akasema hela yetu ilikuwa ya kukaa, na tumechagua wenyewe kutokaa.

Msomaji, hapa ndipo watu wengi wa hapa kwetu wanapoachia. Mwalimu anapata uhamisho katikati ya mwaka, anaona aibu kubishana na mzee aliyempokea vizuri, anafunga mlango, anakabidhi ufunguo, anaondoka. Wiki inayofuata nyumba ina mtu mwingine na mwenye nyumba amepokea kodi ya mwezi ule ule kutoka mikono miwili. Mimi siiti wizi, maana wengi wao ni watu wema wanaodhani ndivyo ilivyo. Lakini ni miezi ya watoto wa mtu, na inaniuma kila nikisikia imepotea hivyo.

Nilikuwa natafuta maneno ya heshima. Bibi Ghala yeye alishachukua ungo. Alipepeta kimya, makapi yakienda na upepo kuelekea kwa mbuzi, mbegu nyeusi zikibaki zinang'aa, akazimwaga kwenye gunia, akafuta vumbi usoni kwa upindo wa khanga. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu:

"Baba, gunia hili ukishaliuza, mnunuzi akachelewa kuja kulibeba, utaliuza tena?"

Mzee akacheka mpaka akakaa. Akasema mama huyu mmemtoa wapi. Akakubali, kwa masharti mawili: amwone anayeingia kwa macho yake, na nyumba aikute kama alivyotukabidhi. Idhini yenyewe akaiandika pale pale, kwa peni ya Karani tuliyopewa kwa mkopo, karatasi ikiwa juu ya gunia. Jina lake likatoka na mabonde ya mbegu za alizeti, na mpaka leo ukilipapasa unayasikia kidoleni. Tuliondoka na debe la alizeti. Likaingia stoo.

Sharti la kwanza lilitaka mtu mmoja, likawaondoa wawili, na hilo nilimwachia aliyewakaribisha. Kijana wa spea alielewa haraka. Alitaka mahali pa kuweka tairi, si pa kulala. Mpwa alilia. Mama Ruksa akamwahidi kwamba hela ya miezi mitano ikilipwa, sehemu yake itakwenda kwenye sendi-ofu. Mimi nilipata habari hiyo kwenye sendi-ofu.

Sharti la pili lilikuwa ukuta wa sebule. Kipaza, zamani kidogo, alichora basi kwa mkaa, basi la ukubwa wake, magurudumu manne upande mmoja, abiria wote wanacheka, na konda ananing'inia mlangoni. Mkaa ulikwishafutwa kwa sabuni, ukawa wingu la kijivu ambalo ndani yake basi bado linaonekana. Kamisheni akatumwa Singida mjini kununua rangi ya krimu. Akaleta ya maziwa ya mgando, kwa sababu ilikuwa na punguzo. Ukapakwa ukuta mmoja, ukaikataa mitatu mingine, ikabidi kupaka yote, na ndoo ikaishia nyuma ya mlango.

Siku ya ukaguzi mzee alifika asubuhi kwa bodaboda, Sista akatoka zamu ya usiku akaja na sare yake. Mzee alikagua bomba, akafungua na kufunga madirisha yote, akagonga dari kwa fimbo. Nyuma ya mlango akasimama. Rangi ilikuwa haijafika pale, na sehemu ya nyuma ya basi ilikuwepo, pamoja na moshi wake. Akamwita msanii.

"Hili linakwenda wapi?"

"Dodoma!" akajibu Kipaza, na nadhani Dodoma walisikia.

"Na taa za nyuma ziko wapi?"

Mtoto akatazama ukuta, akatazama mzee, akasema zimevunjika. Mzee akasema basi lisilo na taa lisisafiri usiku, libaki hapo hapo, na hakuuliza tena habari ya rangi.

Nikajua tumemaliza. Mama Ruksa alishaweka chai. Ndipo Sista, kwa adabu ya kazi yake, akauliza kama stoo nayo ni sehemu ya nyumba.

Ndani ya stoo, kwenye karai lililotobolewa na kutandikwa majani, alikuwa amekaa mtetea wa Bibi Ghala juu ya mayai. Kuku wetu wa Singida wana jina mpaka Dar es Salaam, matenga yao yanapakiwa barabarani kila uchao, na Bibi Ghala ana msimamo kuhusu mbegu hii: kuku akishaanza kulalia hahamishwi. Ukimsogeza atayasusa, mayai yatapoa, na vifaranga watakufa humo humo bila kosa lolote. Kulalia ni siku 21. Yeye alikuwa amefika wiki ya kwanza. Tarehe ya makabidhiano iliandikwa kesho kutwa.

Nilimwomba. Shemeji akajitolea kumnunua kuku na mayai kwa bei ya jumla. Mama Ruksa akasema ruksa abaki, kisha akakumbuka kwamba nyumba anayoitolea ruksa inakaribia kuwa ya Sista. Bibi Ghala alisimama mbele ya mlango wa stoo na khanga yake kiunoni, hakusema neno baya kwa mtu, ila hakusogea.

Sista akachungulia. Mtetea akavimba manyoya na kutoa ule mlio wa onyo. Sista akasema kwa sauti ya chini, sauti ya wodi ya wazazi, kwamba yeye kazi yake ni hiyo hiyo, na hajawahi kumtoa mzazi kitandani kabla ya wakati. Abaki. Mama aje kumwangalia wakati wowote wa mchana.

Basi mkataba wetu wa watu watatu, uliosainiwa mbele ya mtendaji na mashahidi, una vifungu ambavyo Hakimu alivisifu sana kwenye simu. Unataja tarehe ya kuanza, miezi mitano iliyolipwa mpaka 31 Desemba, funguo na idadi yake, namba ya mita ya umeme na uniti zilizokuwemo, na ile sentensi ya kumwachia huru anayetoka. Una pia kifungu cha saba: stoo itabaki na mtetea wa mpangaji anayeondoka mpaka vifaranga watotolewe. Mzee alikisoma kifungu hicho mara mbili, akauliza kicheche akiingia hasara ni ya nani. Tukaongeza mstari. Hasara ya Bibi Ghala. Bibi mwenyewe akaweka dole gumba kwa furaha kabisa.

Kilichochukua muda mrefu kuliko kuku ni LUKU. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, hilo halina ubishi, lakini tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU, na LUKU hununuliwa na anayetaka taa. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kidogo, ukiitazama peke yake. Ila mpangaji akihama bila kuhesabiana, makato yake yanabaki sadaka, na aliyeingia akinunua umeme akakuta hela inakwenda kwenye malimbikizo, anamtilia shaka aliyetoka. Karani alikuwa na risiti zote, zimebandikwa kwa ugali kwenye kaunta buku. Akazijumlisha mbele ya mzee. Mzee akazikubali, na tukakubaliana zifidie sehemu ya ile ndoo ya rangi. Hakuna aliyepokea senti, na kila mtu alitoka ameridhika. Fanya hivyo wewe pia. Tunza risiti za umeme, hata kama mwanao hana kaunta buku.

Sista alitulipa 400,000 kwa awamu mbili, maana mshahara wa kwanza baada ya uhamisho huchelewa kidogo na Mama Ruksa alishamwambia asijali. Ya kwanza ikawa dirisha la watoto. Ya pili nimekwambia ilikokwenda. Dari tulifunga baadaye, mbao moja moja, usiku, watoto wakinishikia tochi ya simu.

Vifaranga walitotolewa, wote isipokuwa wawili, na Bibi Ghala akaendelea kwenda kule kila siku, kwanza kuwaangalia, baadaye kumbeba mtoto wa Sista wakati mama yake yuko zamu. Magunia yalifuata taratibu. Madebe mengine hayajafuata mpaka leo, na Sista anasema hayamsumbui.

Desemba mzee mwenye nyumba alikuja mwenyewe mjini. Akampa Sista mkataba mpya kwa jina lake, mwaka mzima, kodi ile ile, na akatupitia nyumbani kutuambia. Tulikuwa bado tunamkaribisha ndani shemeji yangu alipotokea, ameoga, amevaa shati la pasi, anadai kwamba kwa kuwa mpangaji aliletwa na familia hii na sasa ameongeza mkataba, kuna kitu chake hapo. Mzee akanigeukia. Mimi nikamgeukia Mama Ruksa. Mama Ruksa akaenda uani, akarudi na jogoo.